Seva ofisini, raki ya kukodi au wingu: kipi kitaibeba biashara yako Dar mtandao ukikatika?

Asubuhi ya Jumatatu, 13 Mei 2024, nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la jumla la vipuri vya magari pale Kariakoo, nimechuchumaa mbele ya kabati la rauta. Taa zote za kijani. Laini ya kwanza ya faiba inawaka, ya pili inawaka. Keshia, binti mtaratibu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akaniambia, "Kaka, mtandao upo ila hauendi popote." Nje, fuso ya mteja wa Tunduma ilikuwa imeziba nusu ya barabara, utingo anagonga bodi, na mzigo hauwezi kutoka stoo kwa sababu mfumo wa mauzo haufunguki.

Mwenye duka alikuwa akilipia kampuni mbili tofauti, kila mwezi bila kukosa, ili siku kama hiyo isimkute. Hakuzembea. Ila jana yake, Jumapili, mikongo miwili ya baharini inayobeba intaneti yetu kwenda nje, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika karibu na pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Na upande wa kaskazini nako hakukuwa shwari, maana kipande cha SEACOM kinachopita Bahari ya Shamu kilikuwa kimekatika tangu Februari mwaka huohuo. Laini mbili za lile duka zilitoka Kariakoo kwa njia mbili, zikaenda kutegemea bahari ileile.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyomshauri mtu. Zamani nilikuwa nalinganisha kasi, bei na jina la kampuni. Sasa naanza kwa kuuliza: hiki kikianguka, kitaanguka pamoja na nini? Ulinganisho huu naufanya kwa swali hilo. Nawaandikia wenye biashara za kati, wenye watu ishirini hadi mia, matawi mawili matatu, na mfumo mmoja ambao ukisimama mauzo nayo yanasimama. Benki na kampuni za simu wana vikosi vyao vya mafundi, hawanihitaji.

Kabla ya kulinganisha, pima hasara yako

Kaa na mhasibu wako na mtu wa kaunta, jibuni maswali mawili. La kwanza: mfumo ukilala, mnaweza kuvumilia muda gani kabla wateja hawajaondoka? La pili: mkirudi hewani, mko tayari kupoteza kazi ya muda gani, dakika tano zilizopita au siku nzima? Duka la dawa la jumla litakuambia nusu saa na dakika tano. Ofisi ya mawakili inaweza kuvumilia siku nzima, lakini haivumilii kupoteza hata waraka mmoja. Hao wawili hawafai kununua kitu kimoja, hata kama muuzaji anawaletea bei moja.

Na mkataba usomwe kwa saa, usisomwe kwa asilimia. Ukiahidiwa upatikanaji wa asilimia 99.9, umekubali huduma ikosekane karibu saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Asilimia 99.5 inaonekana jirani yake kabisa, lakini ni karibu saa 44. Saa hizo hazichagui kuangukia usiku wa manane. Zinaweza kukuangukia tarehe 30, siku ya mishahara.

Chumba cha seva ofisini

Seva iliyopo ofisini ina sifa moja ambayo wengine wote hawana: mkongo ukikatika baharini, keshia wa chini na mtu wa stoo hawana habari. Wanaendelea kuuza. Siku ile ya Mei, jirani wa mteja wangu, mwenye mfumo wa kizamani kwenye kompyuta iliyo chini ya meza, aliuza tangu asubuhi hadi alipofunga. Na intaneti ilipokatika nchi nzima kuanzia 29 Oktoba 2025 kwa siku kadhaa, waliokuwa na takwimu zao ndani ya jengo walau waliweza kufungua daftari la stoo na kujua nani anadaiwa nini. Anayekuambia seva ya ofisini ni ushamba hajawahi kukaa kaunta siku kama hizo.

Lakini seva hiyo huanguka pamoja na jengo. Umeme wa jengo, bomba la maji la ghorofa ya juu, mwizi, moto, na hapa Dar, joto. Joto ndilo linaloua seva nyingi nilizozizika mimi mwenyewe, na haliui kwa kishindo.

Nikueleze moja. Februari fulani niliitwa saa nne usiku kwenye ofisi moja Mikocheni. Umeme ulikuwa umekatika jioni, UPS (kile kifaa cha betri za akiba) ikashika, jenereta ikawaka, umeme wa TANESCO ukarudi, kila kitu kama kilivyopangwa. Isipokuwa kiyoyozi. Kilikuwa cha kawaida cha nyumbani, kile ambacho umeme ukirudi kinabaki kimezima mpaka mtu abonyeze rimoti. Rimoti ilikuwa kwenye droo ya meneja, droo imefungwa, meneja yuko Bunju. Chumba chenyewe mita mbili kwa tatu, mlango umefungwa kwa usalama, seva mbili zinapuliza hewa ya moto ndani. Nilipofungua, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya pilau. Kipimajoto cha ukutani kilisoma 41. Seva moja ilikuwa imejizima yenyewe. Ile nyingine ilivumilia, lakini ndani ya wiki mbili ikapoteza diski mbili.

Kwa hiyo ukichagua seva ofisini, kiyoyozi ni sehemu ya seva. Nunua kinachojiwasha chenyewe umeme unaporudi, weka viwili vinavyopokezana zamu, na kipimajoto kinachotuma ujumbe kwenye simu za watu watatu. Viwango vya ASHRAE, chama cha wahandisi wa upozaji cha Marekani, ambavyo watengenezaji wa vifaa huvifuata, vinashauri hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Ukiwa karibu na bahari, Masaki au Kigamboni, hesabu na chumvi pia, kwani hula viunganishi na mapezi ya kiyoyozi taratibu usipofanya usafi mara kwa mara. Na tafadhali, chumba kisiwe ghorofa ya chini. Mto Msimbazi ukifurika, Jangwani hakupitiki, na fundi wako anayetoka Kimara atabaki ng'ambo anakupigia simu tu.

Raki ya kukodi kwenye kituo cha data

Hapa unabaki na mashine zako, ila zinalala kwenye raki, yaani kabati la seva, ndani ya nyumba ya mtu aliyejenga kwa kazi hiyo. Dar sasa kuna pa kuchagua: kuna kituo cha taifa, NIDC, pale Kijitonyama, na kuna vya binafsi kama vya kampuni za Wingu (ni jina lake tu, si lile wingu la sehemu inayofuata) na Raxio. Miaka kumi na tano iliyopita mazungumzo haya yasingekuwepo.

Utasikia sana neno Tier III. Ni daraja la taasisi ya Uptime Institute, ambayo hupanga vituo kuanzia I hadi IV. Maana yake ya kikazi ni hii: kila njia ya umeme na kila mtambo wa kupoza unaweza kutolewa kwa matengenezo bila kuzima wateja. Hesabu inayotajwa kwa daraja hilo ni asilimia 99.982, yaani kama saa moja na nusu hivi ya kukosekana kwa mwaka. Ofisi yako haitafika huko hata ukiuza gari la bosi. Ila uliza cheti ni cha michoro au cha jengo lililokwisha kujengwa, kwa sababu vyeti hivyo ni viwili tofauti.

Faida ya pili haitajwi sana na mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza: kwenye kituo kizuri, kampuni nyingi za faiba zimeshaingia ndani. Ukitaka kuhama mtoa huduma, ni waya wa mita chache kutoka chumba kimoja kwenda kingine, hakuna kuchimba mtaro wala kusubiri kibali. Na watoa huduma wa hapa hubadilishana mawasiliano ya ndani kupitia TIX, makutano ya intaneti yaliyopo hapahapa Dar chini ya chama cha watoa huduma, TISPA. Tawi lako la Mbagala likiongea na seva iliyopo Dar, safari yote inaweza kuishia mjini. Bahari ikikatika, Mbagala bado inauza.

Upungufu wake? Mashine ni yako, hivyo diski ikifa ni wewe unayeendesha gari kutoka Tegeta na diski mkononi. Barabara ya mtandao kati ya ofisi na kituo nayo sasa ni kiungo kipya kinachoweza kukatika. Na jengo imara halimwokoi mpangaji asiyejali. Niliwahi kukagua raki ya mteja mmoja. Seva yake ilikuwa na vyanzo viwili vya umeme, kituo kimempa njia mbili, A na B, zinazotoka kwenye UPS tofauti. Nikafuata nyaya kwa vidole nyuma ya raki. Zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye upande A. Miaka miwili alilipia njia B ambayo haikugusa kitu.

Kumbuka pia kwamba kituo kikubwa nacho huungua. Tarehe 10 Machi 2021, jengo la SBG2 la OVH liliteketea Strasbourg, Ufaransa, na lililo jirani likaungua sehemu. Wateja walioumia zaidi ni wale ambao nakala rudufu zao zilikuwa eneo lilelile. Korea Kusini, 26 Septemba 2025, moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon uliteketeza mfumo wa kuhifadhi nyaraka za watumishi wenye terabaiti 858 ambazo hazikuwa na nakala nje. Nchi ile haikukosa pesa wala wataalamu.

Wingu la nje

Wingu, yaani seva za kampuni kubwa unazokodi kupitia intaneti, linakuondolea mashine, diski, kiyoyozi na rimoti ya meneja. Unalipia unachotumia, unaongeza nguvu kwa dakika chache, na ukitaka nakala yako ikae mabara mawili ni suala la kubofya. Kwa kampuni changa isiyo na fundi wa kudumu, sidhani kama kuna haja ya mjadala mrefu.

Maeneo yenye vituo vya wingu yaliyo karibu nasi yako Afrika Kusini: Microsoft walifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, Google wakaja Johannesburg 2024. Watu wengi Dar huchagua huko kwa sababu ni karibu na kasi ni nzuri. Sasa rudi kwenye ile Jumapili ya Mei. Kilichokatika ni njia ya kwenda kusini hasa. Waliokuwa na data Afrika Kusini na wale ambao watoa huduma wao hutegemea kusini kutoka nje ya nchi waliumia pamoja. Ukipeleka data Ulaya unapata njia nyingine, lakini unaongeza umbali: kila ombi kwenda na kurudi ni milisekunde 150 hivi au zaidi, na mfumo wa mauzo uliojengwa vibaya, unaouliza seva mara arobaini kwa risiti moja, utamfanya keshia achukie kazi yake.

Wingu lenyewe nalo hulala. Tarehe 20 Oktoba 2025, hitilafu ya kutafsiri majina ya mtandao katika eneo la Amazon la Kaskazini mwa Virginia iliangusha huduma nyingi duniani kwa saa kadhaa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook ilijifuta yenyewe kwenye ramani ya intaneti kwa karibu saa sita, wakati wa matengenezo ya kawaida. Hata wafanyakazi wake walipata shida kuingia kwenye majengo kurekebisha, kwa kuwa mifumo ya ndani nayo ilitegemea mtandao uleule. Katika visa hivyo viwili hakuna kebo iliyokatwa wala umeme uliokosekana. Tatizo lilitoka ndani ya mifumo yenyewe.

Kuna mambo mawili ya hapa nyumbani ambayo wauzaji wa wingu hawayatangulizi. Bili huja kwa dola na wewe unauza kwa shilingi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Ukiwa na kliniki, shule au saccos, ongea na mwanasheria wako kabla ya kuhamisha chochote.

Laini mbili si lazima ziwe njia mbili

Hapa ndipo pesa nyingi za watu wa Dar zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Faiba na faiba. Ni haraka na bei inaeleweka. Lakini toka nje utazame juu. Mara nyingi utaona nyaya za kampuni tatu zimening'inia kwenye nguzo moja, zimefungwa pamoja kwa waya. Lori moja lenye kontena refu kupita kiasi, kijiko kimoja kinachochimba mtaro wa barabara ya mwendokasi, na zote zinalala chini kwa pamoja. Hata zikiwa kwenye nguzo tofauti, kampuni mbili zinaweza kuwa zimekodi uwezo kwenye mkongo uleule huko mbele. Kabla hujasaini, muulize mtoa huduma wa pili maswali haya kwa maandishi: waya wako unaingia jengo langu upande gani? Unapita barabara gani? Mkitoka nje ya nchi mnapitia mkongo upi, na ukikatika mnahamia upi? Anayejibu "usijali bosi, sisi tuko imara" hajajibu.

Faiba na redio ya masafa kutoka paa hadi paa. Kwa biashara nyingi za katikati ya mji na Nyerere Road, hii ndiyo ninayoipendelea. Kijiko hakichimbi angani. Mvua kubwa ya masika hupunguza nguvu ya baadhi ya masafa, hasa ya juu, na jengo jipya likiota katikati unapoteza mwonekano, lakini mambo hayo mara nyingi hayatokei pamoja na yale yanayokata faiba.

Faiba na laini ya simu ya 4G au 5G ni mchanganyiko wa bei nafuu na unatosha kaunta, mashine ya EFD na malipo ya simu. Usitegemee kuhamisha nakala rudufu humo. Jua pia kwamba umeme ukikatika mtaa mzima kwa muda mrefu, mnara wa simu nao unaishi kwa betri zake, na kwamba mnara huo mara nyingi hulishwa na faiba ambayo huenda ni ileile.

Setilaiti ya zamani, iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, haijali mikongo ya hapa, ila kila neno lina mwangwi wa zaidi ya nusu sekunde. Kwa tawi la porini ni sawa, kwa Posta au Kariakoo sioni haja.

Halafu kuna rauta yenyewe. Ile asubuhi ya Mei taa zilikuwa kijani kwa sababu rauta ilikuwa ikipima kama kifaa cha jirani kipo. Kipo, hivyo ikaridhika. Iwekwe ipime mbali: anwani mbili tatu tofauti, moja ndani ya nchi na nyingine nje, na ihame zote za nje zikikosekana, si moja tu. Anayetaka kuhama bila hata simu ya mtu kukatika atahitaji anwani zake mwenyewe kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, na itifaki ya BGP, inayotangaza anwani hizo kwa watoa huduma wawili. Hiyo ni kazi ya mhandisi na ina gharama yake ya kila mwaka. Duka lenye matawi matatu halihitaji. Kampuni inayohudumia wateja wengine kwa mtandao inahitaji, na isijidanganye kwamba rauta ya laini mbili inatosha.

Umeme, kwa ufupi

Betri za asidi za kwenye UPS ni rahisi kununua na ni rahisi kusahau. Muda wake wa kuishi huhesabiwa kwa nyuzi 25. Joto likipanda nyuzi kumi, hupungua kama nusu. Betri iliyoandikwa miaka mitano, ikikaa kwenye kona yenye nyuzi 35, ihesabu kama ya miaka miwili na nusu. Ukiona ubavu umevimba, usingoje. Lithiamu ya fosfeti ya chuma inavumilia joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi, na mimi naiona inastahili bei yake kwa ofisi inayokatiwa umeme mara kwa mara, mradi iwe na kidhibiti chake halisi na isikae chumba kimoja na seva. Daejeon itukumbushe.

Jenereta ni ya lazima ukitaka kuvuka saa mbili tatu, kwa sababu UPS hubeba seva lakini mara nyingi haibebi kiyoyozi, na umeshaona joto linavyofanya. Jenereta ya kVA 20 ikibeba robo tatu ya mzigo hunywa lita nne hivi za dizeli kwa saa. Piga hesabu ya usiku mzima, halafu angalia una mapipa mangapi. Kuiwasha dakika kumi kila Ijumaa bila mzigo hakukuambii kitu. Zima meini ya jengo, uone.

Basi uchague nini

Kama mauzo yako ni ya kaunta, kitu cha kwanza kununua ni programu ya mauzo inayoendelea kuuza mtandao usipokuwepo, ikituma kumbukumbu ukirudi. Niliwahi kumwona mama mmoja mwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi akitaka kununua seva ya mamilioni, kumbe tatizo lake lingeisha kwa kubadilisha programu. Tulipomaliza hesabu akanitazama akasema, "Baba, mbona huyu mwingine aliyekuja hakunieleza hivi?" Ukishapata programu hiyo, wingu na laini moja ya faiba ikisaidiwa na 4G vinakutosha.

Kama una matawi yanayotegemea stoo moja kwa wakati huohuo, na yote yako Dar au mikoa ya jirani, chagua raki hapa mjini, faiba na redio ofisini, na nakala ya kila usiku ipelekwe mbali: wingu la nje, au Dodoma, au Arusha. Usiweke nakala Mwenge kama raki iko Kijitonyama.

Kama wateja wako wako nje, au bidhaa yako yenyewe ni ya mtandaoni, nenda wingu, lakini maeneo mawili yasiyotegemea bahari moja. Afrika Kusini na Ulaya ni jozi nzuri kuliko Cape Town na Johannesburg.

Kiwanda, hospitali, bandari kavu: hawa siwaambii waondoe seva ofisini. Mashine zinazoendesha uzalishaji na faili za wagonjwa zibaki ndani ya uzio, na nje ya jengo kuwe na nakala hai ya kushika zamu. Ni ghali, na kwao ni halali yake.

Na popote utakapoangukia, nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu. Chukua faili moja la mwezi uliopita, lirejeshe kwenye kompyuta nyingine, mhasibu alifungue na kusema ndilo lenyewe. Fanya hivyo kila robo mwaka.

Yule mwenye duka la vipuri alihamisha mfumo kwenye raki hapa Dar, akaachana na faiba ya pili, akafunga redio kuelekea jengo lingine upande wa Ilala. Gharama ya mwezi ilipanda, lakini si kwa kiasi alichokihofia. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi jioni wateja wakipungua, yule binti wa kaunta anafungua kabati na kuchomoa waya wa faiba kwa mkono wake. Anaendelea kuuza dakika ishirini, anaandika kwenye daftari muda uliochukua kuhama, kisha anaurudisha. Mara ya kwanza ilichukua dakika nne na sekunde kumi. Mara ya mwisho nilipopita, aliniandikia sekunde 22, akaniuliza kama tunaweza kuishusha tena.